Kumweka mwanafunzi katikati si kumfanya msemaji mkuu

Tangu Januari 2024, Tanzania Bara ilipoanza kutekeleza mitaala mipya katika elimu ya awali, darasa la kwanza, darasa la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi za mikono, sentensi moja imerudiwa katika semina za walimu na vikao vya wazazi mpaka imekuwa kama kiitikio: mwanafunzi awe kitovu cha ujifunzaji. Kenya walitangulia. Mtaala wao wa umilisi, unaotazama anachoweza kukifanya mwanafunzi kuliko anachokikariri, ulianza kutumika nchi nzima mwaka 2019, na wanafunzi wake wa kwanza wameingia gredi ya 10 Januari 2026. Katika nchi zote mbili nia ni njema, na ilikuwa imechelewa, lakini tafsiri iliyoenea ya sentensi hiyo imepotoka. Watu wengi, wakiwamo walimu hodari, wameielewa kuwa darasa zuri ni lile ambalo sauti za watoto hazikatiki, na kwamba ushiriki hupimwa kwa idadi ya midomo iliyofunguka ndani ya kipindi kimoja. Ninachodai ni kwamba mtaala wa namna hii unamtaka mwanafunzi asikilize zaidi kuliko alivyotakiwa na mtaala uliopita, na kwamba kusikiliza ni stadi inayofundishwa kama vile kusoma na kuandika kunavyofundishwa. Tukiendelea kuhesabu maneno ya watoto tukidhani tunahesabu maarifa yao, tutalea watu wanaonyamaza kwa ajili tu ya kungoja zamu yao ya kusema.

Elimu inayojenga umahiri, ambao Kenya wanauita umilisi, si jambo la juzi. Mitaala ya Tanzania ilielekezwa huko katika maboresho ya mwaka 2005, na miongo kadhaa kabla ya hapo, Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea alitaja mambo matatu ambayo elimu inapaswa kumjengea kijana. La kwanza ni akili yenye kudadisi. La pili ni uwezo wa kujifunza kutokana na yale wanayoyafanya wengine, kisha kuyakataa au kuyarekebisha yafae mahitaji yake. La tatu ni kujiamini kwa mtu aliye huru na sawa na wenzake, anayewathamini na kuthaminiwa nao. Mpangilio wa jambo la pili unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake kukataa na kurekebisha kunafuata baada ya kupokea. Mtu hawezi kukataa kwa haki jambo ambalo hakulisikiliza hadi mwisho. Anachokikataa ni kile alichokidhania. Semina zetu zimeshika la kwanza na la tatu, udadisi na kujiamini, zikaliacha la katikati, na nadhani sababu yake ni kwamba lile la katikati halionekani kwa macho. Mtoto anayeuliza anaonekana, na anayejiamini anaonekana. Mtoto anayesikiliza kwa bidii, akipima kila neno na lile lililotangulia, kwa mtu aliyesimama mlangoni anafanana na yule aliyekaa tu.

Sababu nyingine imo ndani ya lugha yetu wenyewe. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja, kusikia, kwa sauti, harufu, njaa, maumivu na utii. Mama akisema mwanawe hasikii, hafikirii kumpeleka hospitali akapimwe masikio. Anasema mtoto hatii. Mtoto msikivu ni yule anayefanya alichoagizwa, na methali ya asiyesikia la mkuu kuvunjika guu inamwonya mkaidi, haimhusu kiziwi. Kwa hiyo mwanamageuzi wa elimu akikutana na mtu anayetetea usikivu, mara moja humjia picha ya mtoto aliyekunja mikono kifuani na kuitikia kila aambiwacho. Wasiwasi huo una msingi. Lakini lugha hiyohiyo imetupa kitenzi cha pili, kusikiliza, kilichoundwa kwa kukitia nguvu kile cha kwanza, na tofauti yao inajulikana hata kwa mtoto mdogo: kusikia kunakupata popote ulipo, ilhali kusikiliza unakufanya mwenyewe kwa kukusudia. Kutokana na kitenzi hicho tukapata kusikilizana, ambako hakuna mkubwa wala mdogo. Majirani wakishindwa kuelewana tunasema hawasikilizani, tukiwa na maana kwamba kila mmoja ameacha kuyapa maneno ya mwenzake nafasi ya kumbadilisha. Usikilizaji ninaoutetea ni huu. Hauna sharti la kukubali, na mara nyingi ndio unaomwezesha mtu kupinga vizuri.

Wapo wanaoipinga mitaala mipya kwa kusema kuwa zamani watoto walifundishwa kusikiliza na ndiyo maana walielimika. Kumbukumbu hiyo siiamini. Darasa ambalo wengi wetu tulilipitia lilikuwa na utulivu, na utulivu huo ulilindwa kwa kiboko, lakini usikilizaji ndani yake ulikuwa haba. Mwalimu alisema, akaandika ubaoni, tukanakili. Aliuliza, "Mmeelewa?" na darasa zima likaitika, "Ndiyo, mwalimu!" kabla swali halijatua. Kiitikio kile kilikuwa usemaji wa watoto sitini kwa mpigo, na hakikuthibitisha chochote, maana aliyekuwa mbali kimawazo aliitika kwa nguvu ileile ya aliyeelewa. Mwalimu naye hakuuliza ili asikie. Alikuwa anaomba ruhusa ya kuendelea, na alijua kwamba atapewa. Tukiliita darasa lile darasa la kusikiliza tunalipa sifa isiyo yake. Kwa maoni yangu, darasa la kiitikio na darasa jipya la kelele ni ndugu wa damu, kwa kuwa yote mawili yanaichukua sauti ya mtoto kuwa ushahidi wa kuelewa, na tofauti iliyopo ni kwamba zamani walisema pamoja na sasa wanasema kwa zamu au katika makundi.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya msimamo wangu inatoka kwa wale wanaosema kwamba ukimya wa wanyonge haujawahi kuwa wa hiari. Paulo Freire, Mbrazili aliyewafundisha watu wazima kusoma, aliufananisha ufundishaji wa kimabavu na kazi ya benki, ambako mwalimu huweka amana na mwanafunzi huwa sanduku la kuitunza. Katika mazingira yetu hoja hiyo inakuwa nzito zaidi kwa wasichana, kwa watoto wa kaya maskini, na kwa wale ambao lafudhi ya kwao ikisikika darasani huchekwa. Tena mtoto aliyefundishwa kunyamaza tu mbele ya mtu mzima hukosa maneno siku mtu mzima anapomdhuru, na hilo peke yake lingetosha kutufanya tuogope kuusifu ukimya. Naikubali hoja hii yote. Ninachouliza ni inatupeleka wapi. Inatuambia kwamba mwenye nguvu ajifunze kumsikiliza mnyonge, na haijasema popote kwamba mnyonge asikilize kidogo. Freire mwenyewe aliyajenga mafundisho yake juu ya mazungumzo, na mazungumzo yana pande mbili. Ukiingia katika darasa ambalo wanafunzi kumi wachangamfu wamekitwaa kipindi chote, utamkuta yule binti wa dawati la nyuma akiwa kimya vilevile kama wakati wa kiboko. Kilichobadilika kwake ni aliyemnyamazisha: zamani alikuwa mwalimu, sasa ni wanafunzi wenzake, na mwalimu anawapongeza kwa kushiriki.

Hoja ya pili inasema kwamba mtu hujifunza kwa kusema, na ushahidi wake upo. Michelene Chi na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1989 kuhusu wanafunzi waliokuwa wakijifunza fizikia kwa kusoma mifano iliyokwisha kutatuliwa, walionyesha kwamba waliofanya vizuri walijieleza zaidi wakati wa kusoma: kwa nini hatua hii inafuata ile, kanuni gani inatumika hapa, kipi hakijaeleweka. Kila mwalimu anafahamu pia kwamba ukimweleza mwenzako somo ndipo unapogundua mashimo yaliyomo katika uelewa wako. Lakini usemaji wa wanafunzi wale ulikuwa wa namna gani? Walikuwa wanaongea na kitu kilichoko mbele yao, wakikihoji mstari kwa mstari. Maneno yao yalikuwa njia ya kuendelea kukisikiliza kile walichopewa, na walitambua upesi pale ambapo hawajaelewa. Hiyo ni tofauti kubwa na mtoto anayeambiwa "toa maoni yako" kuhusu usafishaji wa maji kabla hajajua kwamba maji maangavu yanaweza kuwa na vijidudu. Anayeombwa maoni juu ya jambo asilolijua hutoa alichokuja nacho kutoka nyumbani, kisha huondoka nacho hichohicho, safari hii akiwa amepigiwa makofi.

Mpangilio sahihi wa mambo haya tuliwahi kuujua, na kwa kiwango ambacho mashirika ya elimu duniani yalikuja kukitazama. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na kurushwa na redio ya taifa. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na takribani watu milioni 2 walishiriki, wengi wao wakiwa wakulima. Utaratibu wake ulikuwa mwepisi na wenye nidhamu. Kikundi kilikusanyika chini ya mti au katika ofisi ya kijiji, kikasikiliza kipindi cha redio hadi mwisho. Kisha aliyejua kusoma akawasomea wenzake kijitabu kinachohusu somo la siku hiyo, kuhusu malaria, kuhara damu, kichocho au kifua kikuu. Baada ya hapo ndipo mjadala ulipofunguliwa, watu wakalinganisha waliyoyasikia na hali ya kijiji chao, na mwisho wakaazimia la kufanya: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Hakuna anayeweza kusema kwamba watu wale hawakuwa kitovu cha ujifunzaji wao, maana maamuzi yalikuwa yao na majembe yalikuwa yao. Lakini walianza kwa kunyamaza. Redio ilikuwa na faida moja ambayo mwalimu hana, kwamba haikatizwi. Hata mzee mwenye heshima kuliko wote kijijini hakuweza kuiambia redio kuwa hayo anayajua tayari. Ilikuwa pia na upungufu ambao mwalimu hana, kwamba haisikii, na ndiyo sababu kikundi kilihitajika. Miaka miwili baadaye utaratibu huohuo ulitumika katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Nashangaa kwamba leo tunaandika miongozo ya ushirikishaji kana kwamba neno hilo limetushukia kwa mara ya kwanza, na kampeni hizo hazitajwi.

Ukirudi nyuma zaidi utakuta kwamba katika mwambao na bara pia, mafunzo yetu yalijua thamani ya sikio bila kulidharau neno la mwanafunzi. Katika chuo cha Kurani mwanafunzi humsikiliza mwalimu wake, kisha husoma mbele yake, na wakati huo mwalimu ndiye anayesikiliza, akimrudisha penye kosa la irabu au urefu wa sauti. Masikio yanapokezana kazi. Mwana Kupona binti Msham, alipotunga utendi wake wa wasia kwa bintiye yapata mwaka 1858, alimwita asogee karibu, aketi na wino na karatasi, apulike. Kupulika ni kusikiliza kwa lahaja za kaskazini, na ile karatasi inatuonyesha kwamba msikilizaji alitarajiwa kufanya kazi: aandike, ahifadhi, aje ayapime maisha yake kwa maneno yale. Mtu anaweza kutofautiana na mengi ya yaliyomo katika wasia huo kuhusu nafasi ya mke, na mimi natofautiana nayo, lakini ili kutofautiana nayo imenilazimu kuyasoma hadi beti za mwisho. Vivyo hivyo kwa mwanagenzi wa useremala au ufundi wa magari. Fundi mzuri wa gereji huanza kwa kuutegea sikio mngurumo wa injini kabla hajagusa spana, na kijana anayejifunza kwake hufundishwa kuusikia mlio anaousikia fundi. Mkondo wa amali ulioingizwa sasa katika sekondari utafaulu au kukwama kwa kadiri vijana watakavyoweza kukaa kando ya fundi kwa utulivu wa namna hiyo.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo bahati mbaya ndiyo inayosikika sana, ni ile ya kujiamini. Inasema kwamba mtoto anayezungumza mara kwa mara hujenga kujiamini, kwamba ulimwengu wa ajira unawataka wanaojieleza, na kwamba maarifa yenyewe yako kwenye simu, kwa hiyo hakuna haja ya kumkalisha mtoto asikilize anachoweza kukitafuta mwenyewe. Hili la simu nalipitia haraka: anayetafuta kwenye simu hupata anachokiuliza, na asiyejua bado hajui la kuuliza. La kujiamini linahitaji maneno zaidi. Kujiamini kuna mizizi miwili. Kuna kujiamini kunakotokana na kuzoea macho ya watu, na kuna kujiamini kunakotokana na kujua kwamba unachokisema kimesimama. Kwa wiki chache za kwanza vinafanana. Kisha wa aina ya kwanza hukutana na mtu anayejua, akaulizwa swali la pili, akaanza kurudia jibu la kwanza kwa sauti kubwa zaidi. Nilipokuwa kijana nilijifunza useremala kwa mjomba wangu, na nilikuwa na tabia ya kumalizia sentensi zake. Siku moja alikuwa akinieleza kwamba mbao ya mninga nyuzi zake hubadili mwelekeo ndani ya ubao mmoja, nikamkatiza, "Najua, mjomba." Akanitazama, akasema, "Haya, kama unajua, endelea," akaenda kunywa chai. Nilipiga randa kinyume na nyuzi, nikachana uso wa mbao iliyokusudiwa kuwa ya juu ya meza ya mteja. Kilichoniuma, na kinachoniuma mpaka leo ambapo mjomba hayupo tena, ni kwamba maelezo yale hakuyarudia, na sikumwomba. Neno "najua" lilikuwa limefunga mlango ambao alikuwa ameufungua kwa hiari yake. Sikukosa kujiamini asubuhi ile.

Kwamba kusikiliza kunaweza kufundishwa, na kwamba mwalimu ndiye wa kwanza kukifanya, ilionyeshwa na Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi nchini Marekani, katika kazi alizozichapisha miaka ya 1970. Alirekodi masomo, akapima muda, akakuta kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kwa wastani sekunde moja au pungufu kabla ya kulirudia, kumgeukia mwingine au kulijibu mwenyewe. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, waliokuwa hawajibu walianza kujibu, na maswali yaliyotoka kwa wanafunzi wenyewe yaliongezeka. Alibaini pia kwamba kuna ukimya wa pili ulio muhimu kama wa kwanza, ule unaofuata baada ya mwanafunzi kusema, kabla mwalimu hajasema "vizuri" au "hapana". Ukimya huo ndio unaolipa darasa nafasi ya kulifikiria jibu lililotolewa. Linganisha na picha tunayoijua: swali limeulizwa, mikono imepanda, vidole vinalia, "Mwalimu, mimi! Mwalimu, mimi!" Mmoja akichaguliwa, wengine wanaguna kwa kukosa, na mikono yao inabaki juu wakati mwenzao anaongea. Mkono unaobaki juu wakati mwenzako anaongea una maana moja tu, kwamba unachokisubiri ni yeye amalize. Mgeni akiingia darasani wakati huo ataandika kwamba ushiriki ni wa hali ya juu. Mimi ningeandika kwamba katika darasa hilo kila mtoto yuko peke yake.

Haki inanitaka niseme pia mahali ambapo usikilizaji hauwezi kudaiwa. Tangu elimu bila ada ilipoanza Tanzania mwaka 2016, na Kenya ilipoondoa ada za shule za msingi mwaka 2003, milango ilifunguliwa kwa watoto wengi ambao wangebaki nje, na hilo ni jambo la kujivunia, lakini madarasa yalifurika. Mtoto wa mstari wa mwisho katika chumba cha watoto mia moja, chini ya bati wakati wa mvua, hasikilizi kwa sababu hasikii. Kisha iko lugha. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta biolojia na jiografia kwa Kiingereza, na toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo halikuliondoa daraja hilo. Ukimya wake wa miezi ya kwanza, na kwa wengi wa miaka minne, usihesabiwe kuwa utovu wa ushiriki wala usikivu mzuri. Ni ukimya wa mtu anayesikia sauti bila maneno. Kumwambia azungumze zaidi ni kumwongezea aibu, na kumwambia asikilize zaidi ni kumdai asichonacho. Yeyote anayechukulia usikilizaji kuwa jambo la dhati atalazimika siku moja kulijibu swali la lugha ya kufundishia, na majibu yake hayatakuwa ya bei nafuu.

Palipobaki, kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu bila bajeti mpya. Tunapima tunachokithamini, na kusikiliza hatukupimi. Tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili nchini Tanzania yalijengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na K ya kusikiliza, ambayo kwa maumbile ya binadamu hutangulia zote, haikupata nafasi katika jina hilo. Kenya wana mada ya Kusikiliza na Kuzungumza katika somo la Kiswahili, lakini ukifuata mkondo wa mitihani utakuta jambo la ajabu: katika mtihani wa kidato cha nne wa KCSE, mtahiniwa wa Kifaransa hupimwa ufahamu wa kusikiliza, ilhali mtahiniwa wa Kiswahili hufanya karatasi tatu za insha, lugha na fasihi, zote za kusoma na kuandika. Ni kana kwamba lugha ya kigeni ndiyo inayohitaji sikio, na ya kwetu tunaisikiliza kwa kuzaliwa. Zoezi pekee la sikio ambalo wengi wetu tunalikumbuka ni imla, nalo lilipima tahajia. Kipande cha habari kikisomwa mara moja au mbili, kisha mwanafunzi akaulizwa msemaji anadai nini, ametoa sababu gani na ipi kati ya hizo haitoshi, tungekuwa tumeanza kupima kusikiliza kwa maana yake kamili, na gharama yake ni karatasi na sauti ya mwalimu.

Ndani ya kipindi, badiliko linaweza kuwa dogo zaidi ya hilo. Mwanafunzi anayetaka kumpinga mwenzake aeleze kwanza, kwa namna ambayo mwenzake ataikubali, alichosema yule anayempinga. Kazi ya kikundi iishe kwa kila mmoja kuwasilisha wazo la mwingine badala ya lake. Swali zuri lipewe heshima iliyo sawa na jibu sahihi, kwa sababu mtoto anaweza kulipata jibu kwa kubahatisha, lakini swali linaloingia katikati ya somo haliulizwi ila na aliyelifuatilia somo hilo. Nimewaona walimu wachache wakifanya hivi bila kuagizwa na mtu, na madarasa yao yana vipindi virefu vya utulivu ambavyo mgeni anaweza kuvidhania kuwa uzembe. Hapo ndipo wathibiti ubora wa shule wanapohusika. Wanakuja, wanaketi nyuma ya darasa, wana fomu mapajani, na mwalimu anajua wanachokitafuta, kwa hiyo siku hiyo anahakikisha kelele inakuwepo. Ningependa mthibiti mmoja, katika wilaya moja, aweke fomu chini dakika kumi kabla ya kengele, amwendee mtoto ambaye hakunyoosha mkono asubuhi nzima, amwulize, "Yule mwenzako wa mwisho kuzungumza, alisema nini?" Kisha ahesabu polepole hadi tatu.